Mdogo wangu amekiri kumzuia askari na kuvunja taa ya gari la polisi. Ni kosa lake la kwanza, adhabu inasomwa Jumanne

DadaWaPasua

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Naomba msaada wa mawazo, na naomba mnisome mpaka mwisho, maana nikieleza nusu nitajibiwa nusu.

Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 22. Anaendesha bodaboda hapa Moshi mjini, kijiwe chake kipo karibu na soko la Mbuyuni. Pikipiki si yake, anapeleka hesabu kwa bosi kila jioni. Baba alishafariki, mama ana presha na mguu unamsumbua, na mimi nina kibanda cha chakula ambacho siku nyingine hakirudishi hata hela ya mkaa. Kodi ya chumba cha mama na dawa zake vinatoka kwenye ile pikipiki. Kijana hajawahi kulala sero. Hanywi pombe. Ana hasira za haraka, hilo silifichi, anazo tangu mtoto.

Mwezi uliopita jioni doria ilimsimamisha kwa sababu abiria wake hakuwa na helmeti. Askari akachomoa ufunguo. Mdogo wangu akaanza kubishana, akaambiwa apande gari, akagoma. Askari alipomshika mkono akajinasua kwa nguvu, wakavutana, mfuko wa shati la askari ukachanika na vifungo vikatoka. Walipompakia akapiga teke taa ya nyuma ya gari, ikavunjika. Mimi sikuwepo, ila yeye mwenyewe ndivyo alivyonieleza na wenzake wa kijiweni wamesema hivyohivyo. Kwa hiyo sibishani. Alifanya.

Amefikishwa mahakama ya wilaya kwa makosa mawili: kumzuia askari polisi kutekeleza kazi yake, na kuharibu mali kwa makusudi. Hakuwa na wakili. Amekiri yote mawili, akasomewa maelezo akasema ni kweli, hakimu akamtia hatiani. Mwendesha mashtaka alisema hana kumbukumbu za makosa ya nyuma, lakini akaomba apewe adhabu kali iwe fundisho kwa vijana wengine wa bodaboda. Mdogo wangu alipoulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu alisema, "Naomba nisamehewe, ni kosa langu la kwanza," basi, akanyamaza. Hakimu akaagiza afisa probesheni alete ripoti, kesi ikaahirishwa mpaka Jumanne. Sasa hivi yuko mahabusu, gereza la Karanga.

Mtaani wanasema ni miaka 12, yaani 5 ya askari na 7 ya taa. Mama amesikia hiyo hesabu na tangu aisikie hashiki chakula. Je, ni kweli? Pili, kuna mtu amenipigia simu anasema anajuana na karani, nimtumie laki tatu "ya kulainisha". Tatu, tumtafute yule askari tumlipe shati lake? Na huyu afisa probesheni amesema atakuja nyumbani Ijumaa. Anakuja kutafuta nini hasa? Tumwandalie nini?

Boda_Kiboriloni

Pole sana dada. Huyo dogo namfahamu kwa sura, ni mtu wa kazi. Inauma kwa sababu faini yenyewe ya barabarani kwa pikipiki ilishushwa kwenye bajeti ya 2021, kutoka elfu thelathini mpaka elfu kumi. Kwa kosa la elfu kumi, leo mtu yuko Karanga! Na hilo la kuchomoa ufunguo ndilo linalotupandisha hasira sisi wote. Ufunguo ukitoka, hesabu ya bosi imelala, na ukirudi bila hesabu mara mbili pikipiki anapewa mwingine. Anayekaa ofisini hawezi kujua hiyo presha.

Mimi naona alikosea kukiri. Angekana, wangeleta mashahidi, kesi ingeenda mwaka mzima na mwisho wangechoka wenyewe.

Sisi wa kijiweni tuko tayari kuchanga. Seti kiasi tujue.

KaraniMstaafu

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama tangu ujana mpaka nikastaafu, sehemu kubwa mahakama za wilaya huku Kilimanjaro na kipindi fulani Arusha. Si wakili. Ninachokueleza ni kile nilichokiona kikitokea mbele ya meza yangu, na sheria ninazozijua kwa kuzibeba kila siku.

Kwanza mama ale. Mwambie hiyo hesabu ya miaka 12 siyo. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inataja kifungo cha hadi miaka 5 kwa kumshambulia au kumzuia askari akiwa kazini, na hadi miaka 7 kwa kuharibu mali. Lakini neno la kushika hapo ni "hadi". Hicho ni kilele, kimewekwa kwa ajili ya mtu aliyefanya kosa hilo kwa ubaya wake wa mwisho: aliyemvunja askari taya, aliyechoma jengo la watu. Makosa haya hayamo kwenye Sheria ya Adhabu za Chini, kwa hiyo hakimu hafungwi na kiwango cha chini. Anaweza kushuka mpaka chini kabisa. Halafu yote mawili yametokea kwenye purukushani moja, dakika zilezile, na mahakama zetu kwa kawaida zikitoa vifungo kwa makosa ya tukio moja huamuru viende sambamba. Hujumlishi kama wanavyojumlisha hapo mtaani.

Sasa chini kuna nini. Hakimu anaweza kumwachia bila adhabu kabisa, hiyo ni nadra kosa likiwa dhidi ya askari. Anaweza kumwachia kwa sharti kwamba asifanye kosa lolote kwa muda usiozidi miezi 12, na akilifanya anarudishwa kuadhibiwa kwa hili la sasa. Anaweza kumweka chini ya uangalizi wa afisa probesheni. Anaweza kumtoza faini badala ya kifungo, na sheria inasema faini isiwe ya kupindukia, kwa hiyo kipato cha mtu kina uzito hapo. Anaweza kuamuru fidia. Na kuna kile watu wanachokiita kifungo cha nje, yaani amri ya kutumikia jamii chini ya sheria ya mwaka 2002. Hiyo inatolewa pale kosa lina kifungo kisichozidi miaka 3, au hata kama sheria inataja zaidi, hakimu akiona kwamba kwa kesi hii iliyo mbele yake miaka 3 au pungufu inatosha. Ya mdogo wako inaingia mlango huo wa pili.

Sikuahidi kitu. Nimewahi kuona watu wa namna hii wakienda ndani miezi kadhaa, hasa pale matukio ya kuwapiga askari yalipokuwa yameongezeka kwenye wilaya na mwendesha mashtaka akalisema hilo. Lakini nakuambia hili kwa uzito: hakimu aliyekwisha kuamua kumfunga mtu mara nyingi hasubiri ripoti, anasoma adhabu siku ileile. Ukisikia ameagiza ripoti, ujue ameacha nafasi. Kazi yenu mpaka Jumanne ni kuijaza hiyo nafasi kwa vitu vya kweli.

Na hapa ndipo familia nyingi zinapopotea. "Ni kosa langu la kwanza" wanasema wote. Nimeisikia asubuhi mpaka jioni, na anayeitumia vibaya anaitamka vizuri kuliko anayesema kweli. Rekodi safi inasaidia, na kukiri mapema kunasaidia sana, Mahakama ya Rufani imeshasisitiza mara nyingi kwamba mambo hayo mawili yazingatiwe pamoja na muda mtu aliokaa mahabusu. Lakini maneno matupu hakimu hana pa kuyaandika. Anachohitaji ni kitu ambacho mtu mwingine akienda kukiangalia atakikuta.

Nitakupa mfano mmoja. Kulikuwa na kijana wa kusukuma toroli, alirusha jiwe likavunja kioo cha ofisi ya umma na kumparua mlinzi. Mwendesha mashtaka akaomba kifungo. Mjomba wake akasimama, hakuongea habari za familia masikini wala yatima. Akatoa daftari la shule, lile la kurasa 48, limekunjika pembe na lina mafuta ya taa. Ndani kijana alikuwa anaandika marejesho ya kila siku kwa mwenye toroli: tarehe, kiasi, na sahihi ya mwenye toroli pembeni kwa kalamu tofautitofauti. Hakimu alilifungua, akafungua ukurasa mwingine, akarudi nyuma. Alikaa nalo muda. Kisha akamwita mwenye toroli aliyekuwa amekaa nyuma, akamuuliza, "Hii sahihi ni yako?" Yule kijana alipata kifungo cha nje na fidia ya kioo. Nina hakika moyoni kwamba lile daftari lilifanya zaidi ya hotuba yoyote.

Kwa hiyo mwanangu, tafuta daftari la hesabu la mdogo wako. Kama wanatuma kwa simu, chukua taarifa ya miamala. Tafuta cheti cha kliniki cha mama na risiti za dawa, na uone kama mwenye nyumba anaweza kuandika ni nani anayelipa kodi. Mwenyekiti wa mtaa aandike barua, lakini si ile ya kunakili inayosema "ni raia mwema". Aandike anamfahamu tangu lini, na kama kuna siku aliitwa kusaidia kitu mtaani akafika, aitaje. Na msifiche hasira zake. Afisa probesheni atazisikia kwa jirani, na kama ninyi mlizificha atajiuliza mmeficha nini kingine.

Huyo wa laki tatu, achana naye. Karani hana adhabu mfukoni. Faini ya mahakama unapewa kontroli namba unalipa benki au kwa simu, risiti inatoka na jina la mshtakiwa. Anayetaka hela mkononi anakula hela yako na kukuweka kwenye hatari ya kuonekana unahonga. Akipiga tena, hifadhi namba, TAKUKURU wapo hapo mjini.

Kuhusu shati na taa: gari ni mali ya Serikali, na sare pia. Msimlipe askari mkononi hata kama mnafanya kwa nia njema. Soma hati ya mashtaka, kosa la kuharibu mali huwa linataja thamani ya kilichoharibiwa. Wekeni akiba kiasi hicho, kisha mdogo wako aseme mbele ya hakimu kwamba hela ipo na yuko tayari kulipa kwa utaratibu utakaoamriwa. Hiyo ni tofauti kabisa na kusema "nitalipa".

Na kijana wa Kiboriloni, nakuheshimu kwa kujitolea kuchanga, ila usimfundishe mtu kukana kitu alichokifanya mbele ya kijiwe kizima. Mashahidi wangekuja, wangeaminiwa, na siku ya adhabu asingekuwa na hata lile la kukiri.

MkeWaAskari_Njoro

Nilitaka nipite bila kuandika, nimeshindwa.

Mume wangu ni askari wa doria, si yule wa kesi hii. Sare zake nafua mimi. Shati likirudi limechanika siulizi kwanza limegharimu kiasi gani, nauliza nani alimshika na alishika wapi. Kuna siku alirudi kidole gumba kimevimba hawezi kufunga kamba za viatu, kwa sababu ya mtu aliyekuwa "anajinasua tu". Asubuhi alirudi kazini vilevile.

Kwa hiyo dada yangu, nakuomba kitu kimoja. Mdogo wako akisimama Jumanne asiseme "kosa dogo". Wewe umeandika vizuri, hujasema hivyo, lakini najua mawakili na ndugu wanavyopenda kulipunguza. Kwa yule aliyeshikwa shati mbele za watu sokoni si dogo. Usiku ule naye alirudi nyumbani kwa watu wake.

Lakini pia sitaki huyo kijana afungwe. Naandika hivi nikijua kuna wenzangu watanikasirikia. Akikaa ndani miezi sita na vibaka wazoefu, atatoka amepoteza pikipiki, mama hana dawa, na mara nyingine akimwona askari barabarani atakuwa na chuki ambayo leo hana. Atakayekutana naye siku hiyo anaweza kuwa mume wangu. Afanyishwe kazi, alipe taa, amwombe radhi yule askari kwa jina na cheo chake mahakamani mbele ya watu, kama alivyomvunjia heshima mbele ya watu.

Na kuhusu ufunguo, Boda_Kiboriloni, nakusikia. Malalamiko yapelekeni kwa mkuu wa kituo, siyo kwenye shati la mtu.

MsaidiziWaSheria_Rau

Karani amemaliza karibu kila kitu, naongeza mambo machache ambayo watu huyajua wakiwa wameshachelewa.

Faini mbili hazifanani na vifungo viwili. Kama hakimu atatoa faini kwa makosa yote mawili, na kila moja ina "au jela miezi kadhaa", vile vifungo vya kushindwa kulipa haviendi sambamba. Ukikosa hela unatumikia kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo kijiwe mkichanga, changeni mkilijua hilo, na hela iwe karibu siku yenyewe. Usisubiri mpaka karandinga limeondoka ndipo uanze kupiga simu.

Kwa kuwa amekiri, rufaa ya kupinga kutiwa hatiani kwa kawaida haipo tena, anabaki na haki ya kulalamikia adhabu tu, kwamba ni kubwa mno au si halali. Isipokuwa kama kukiri kwenyewe kulikuwa na utata. Muulizeni alijibu maneno gani hasa. Mtu akisema "ni kweli nilipiga teke ila sikukusudia", hajakiri kuharibu kwa makusudi, na hilo linaweza kuinuliwa. Kama alisema "ni kweli" bila mkia, basi. Notisi ya kukata rufaa inatolewa ndani ya siku 10 tangu adhabu, na rufaa yenyewe Mahakama Kuu ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu. Akiwa gerezani, anaitoa hiyo notisi kupitia kwa mkuu wa gereza. Masijala ya Mahakama Kuu ipo hapahapa Moshi, hamna haja ya kwenda Arusha.

Kifungo cha nje si kurudi nyumbani kulala. Ni kazi bila malipo kwenye taasisi ya umma, hospitali, shule, ofisi ya kata, saa kadhaa kisha anaendelea na shughuli zake. Hakimu atamuuliza kama yuko tayari. Mwambieni ajibu kwa sauti na ajue anachokubali, kwa sababu akitoroka kazi anarudishwa mahakamani na safari hiyo hakuna wa kumwonea huruma.

Msaada wa kisheria upo kwa sheria ya mwaka 2017, wasaidizi tuliosajiliwa hatutozi. Hatuwezi kusimama mahakamani kama mawakili ila tunaweza kumwandalia maneno yake kwenye karatasi. Nitakutumia ujumbe wa faragha.

DadaWaPasua

Nimewasoma wote, na mama nimemsomea. Amekunywa uji.

Afisa probesheni alikuja Ijumaa, ni mama wa makamo, amevaa viatu vya kutembelea tope. Hakuanza na sisi. Alianza na balozi wa nyumba kumi, kisha jirani wa upande wa choo, kisha bosi wa pikipiki kwa simu, ndipo akaingia ndani. Aliuliza chumba kipi analala, nani huamka naye, akigombana na mama anafanya nini. Mama akasema, "Anatoka nje, anakaa kwenye ndoo mpaka apoe." Nikaogopa, ila nikakumbuka maneno ya meku, yaani mzee karani hapo juu, nikamweleza na ile siku alipoupiga ngumi mlango. Akaandika. Akaniuliza, akirudi nyumbani na hasira ileile nani atamzuia? Nikasema mimi. Akaniuliza namzuiaje. Hilo nilifikiria muda mrefu kabla ya kujibu, na sijui kama jibu langu lilimtosha.

Hati ya mashtaka tumeipata. Taa na sare pamoja wameandika 140,000. Kijiwe wametoa 90,000 mpaka sasa, Boda_Kiboriloni Mungu akubariki. Daftari la hesabu halipo, ila bosi ametoa taarifa ya simu ya miezi yote aliyokuwa naye na amesema atakuja mwenyewe Jumanne. Yule wa laki tatu alipiga tena, nikamwambia aje mahakamani tuonane mbele ya karani anayemfahamu. Akakata.

Dada wa Njoro, ulichoandika nimempelekea jana nilipoenda kumwona. Alinyamaza. Kisha akauliza yule askari anaitwa nani, maana hajui. Nikagundua hata mimi sijui.

Swali la mwisho kwa mzee: Jumanne aseme nini? Na mama aje? Mguu haumruhusu kupanda ngazi.

KaraniMstaafu

Jina la askari lipo kwenye hati ya mashtaka, kosa la kwanza, pamoja na namba yake. Alisome vizuri alijue.

Aseme maneno machache na yawe yake. Kwamba alimvuta askari fulani akiwa kazini na anamwomba radhi. Kwamba alivunja taa, fidia ya 140,000 ipo mahakamani leo. Kwamba anamlea mama yake na nyaraka ziko mbele ya mahakama. Kwamba akipewa adhabu ya kufanya kazi nje ataitumikia. Hapo aishie. Asiingize habari za ufunguo kwenye maombi ya kupunguziwa adhabu, hata kama ana haki nayo, itasikika kana kwamba anarudi kwenye ugomvi. Kama ripoti imeitaja hakimu ataiona.

Mama aje. Mwambieni karani wa zamu asubuhi kwamba kuna mgonjwa, wataona namna ya kumsaidia. Asilie kwa sauti, asipige magoti, hakuna hakimu anayependa hilo. Bosi wa pikipiki akae pale anapoweza kuitwa. Simu zote zizimwe. Fikeni saa mbili asubuhi, msifuate saa iliyoandikwa kwenye ubao.

DadaWaPasua

Jumanne, jioni. Imesomwa.

Kosa la kwanza, kutumikia jamii miezi 6. Kosa la pili, faini ya 200,000 au jela miezi 3, na fidia ya 140,000 juu yake. Hakimu alisema wazi kwamba kama asingekiri, na kama bosi wake asingesimama, angekuwa anaongelea kitu kingine. Alimkemea kwa muda mrefu kuhusu kumshika askari, na mdogo wangu aliyapokea amesimama wima. Yule askari alikuwepo. Alipoombwa radhi kwa jina lake aliitikia kwa kichwa, hakusema neno.

Faini ilitushtua, hatukuitegemea pamoja na fidia. Bosi wa pikipiki ametukopesha, tumelipa kwa kontroli namba kabla ya saa tisa, risiti ninayo. Amepangiwa kufanya usafi kwenye zahanati, anaanza kesho asubuhi. Pikipiki amerudishiwa, ataendesha kuanzia mchana.

Aika sana meku, yaani asante sana mzee. Aikeni wote.

Nina moja tu tena. Mwezi ujao mama ana kliniki ya mguu Arusha na huwa anampeleka yeye, wanalala huko kwa shangazi. Anaruhusiwa kutoka Moshi?

MsaidiziWaSheria_Rau

Asiondoke kimyakimya. Aende kwa afisa probesheni wiki hii na kadi ya kliniki yenye tarehe, aombe kwa maandishi, abaki na nakala yenye mhuri. Siku atakazokosa zahanati atapangiwa kuzifidia. Msimamizi wa zahanati naye aambiwe, kwa sababu yeye ndiye anayesaini mahudhurio.